Ganzi Inayochelewa Kuondoka Kinywani

Msomaji wetu mmoja wa Tanga ametuletea swali ambalo, kwa adabu liliyoulizwa nayo na kwa hofu iliyojificha nyuma ya adabu hiyo, halistahili kujibiwa kwa mistari miwili ya haraka. Anasema alikwenda kwa daktari wa meno kuzibwa gego la chini la upande wa kulia, akachomwa sindano ya ganzi kule nyuma ya taya, na wakati wa kuchomwa akahisi mshtuko mkali uliopita ghafula hadi ncha ya ulimi, kisha kazi ikafanyika vizuri bila ya maumivu yoyote. Jioni yake mdomo ulizinduka kama ilivyo desturi, lakini nusu ya ulimi, upande ule ule wa kulia, imebaki imekufa ganzi, na sasa wiki ya pili inakwisha hali chai haina ladha upande ule, na mara mbili amejiuma bila ya kujijua mpaka alipoona damu. Auliza: je, dawa ile ingali imo mwilini mwake? Na ikiwa imo, itatoka lini, na kwa njia gani?

Jawabu ni kwamba dawa haimo tena, wala haikuwamo kuanzia kesho yake, na kinachomsumbua leo si dawa bali ni hali ya mshipa wa fahamu wenyewe, ambao ama ulichubuliwa ama ulisongwa wakati wa kuchomwa, na ambao hivi sasa unajitengeneza kwa mwendo wake usioweza kuharakishwa. Ganzi ya saa chache ni kazi ya dawa; ganzi ya majuma ni kazi ya uponyaji. Mambo haya mawili hufanana mno kwa yule aliyekufa ganzi, maana ulimi usiohisi ni ulimi usiohisi, lakini kwa asili yake yametengana kabisa, na atakaye kufahamu kwa nini yametengana hana budi kujua dawa ya ganzi hufanya nini inapofika ndani ya mshipa, jambo ambalo kwa maoni yangu ni miongoni mwa mambo latifu kabisa yaliyopata kugunduliwa katika elimu ya tiba. Sitaeleza hapa jino lina tabaka ngapi, wala kwa nini huoza, kwa kuwa hayo yamo katika vitabu vya shule. Nitakwenda moja kwa moja kwenye mshipa.

Ila kwanza tuseme kidogo juu ya dawa yenyewe. Mwaka 1884 daktari wa macho wa mjini Vienna, Carl Koller, alionyesha kwamba matone ya kokaini huliua ganzi jicho hata likaweza kupasuliwa mgonjwa akiwa macho, na kabla ya mwaka ule kwisha habari zilikuwa zimefika New York, ambako William Halsted na wenzake walianza kuichoma kokaini karibu na mshipa wa taya la chini, mahali pale pale ambapo daktari wa msomaji wetu aliilenga sindano yake. Kokaini ilikuwa na madhara yake, na Halsted mwenyewe akawa mtumwa wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Alfred Einhorn akaleta prokaini, iliyouzwa kwa jina la Novocain. Ama dawa itumiwayo zaidi leo, ile ambayo hospitalini kwetu huitwa lignokaini na kwingineko lidokaini, ilizaliwa Stockholm kwa njia ambayo hakuna aliyeikusudia. Mwaka 1935 mwanakemia Holger Erdtman, akijaribu kuunda kitu kilichopatikana katika shayiri, aliionja chembe ya kile alichokipata, kama walivyozoea kuonja wanakemia wa zama zile, na ulimi wake ukafa ganzi. Mwenzake Nils Löfgren akalishika jambo lile kwa miaka, akiunda kitu hiki na kile, hata mwaka 1943, akisaidiwa na kijana Bengt Lundqvist aliyejichoma dawa hizo mwilini mwake mwenyewe ili azipime, ikapatikana lidokaini, na mwaka 1948 ikaanza kuuzwa. Basi dawa hii ilianzia kwenye ulimi, na ni haki kwamba swali letu nalo ni la ulimi.

Sasa tuingie ndani. Mshipa wa fahamu ni fungu la nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho, na kila uzi una utando wa mafuta uliouzunguka. Nje ya utando huo pana chembe nyingi za sodiamu zenye chaji ya umeme, na ndani ni chache. Na kwa sababu hiyo na nyinginezo, ndani ya uzi umeme umepungua kuliko nje kwa kadiri ya milivolti 70. Tofauti hiyo ndiyo akiba ya nguvu inayobebea habari. Katika utando vimepachikwa vipitio vidogo vya protini, ambavyo waandishi wetu wa sayansi huviita mifereji. Nami naona neno hilo halitoshi, kwa kuwa mfereji hupitisha maji wakati wote, wala tundu halitoshi, kwa kuwa tundu halichagui cha kupita. Mabaharia wa pwani wanalo neno kilango kwa njia nyembamba ya bahari baina ya nchi na nchi, na neno hilo limebeba mlango ndani yake. Kwa hiyo humu nitasema kilango na vilango, nikikusudia kipitio kinachofunguka na kufungika na kuchagua kinachopita.

Kilango cha sodiamu kinapofunguka hukaa wazi kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde hivi, na chembe za sodiamu huingia kwa kasi ambayo, lau ingeendelea kwa sekunde nzima, ingepitisha mamilioni ya chembe katika kilango kimoja. Kuingia kwa chembe hizo hubadilisha umeme wa pale, na mabadiliko hayo hukifungua kilango cha jirani, na cha jirani hukifungua cha mbele yake, hata habari ya kwamba jino linachongwa ikafika ubongoni. Uzi hauna njia nyingine ya kusema: vilango vikifungwa, jino litaendelea kuchongwa na ubongo usipate habari hata kidogo.

Sasa, ni vipi dawa huvifunga? Mtu angedhani kwamba dawa huja kutoka nje, alikochomwa mgonjwa, na kukiziba kilango kwa nje. Sivyo ilivyo. Naomba msomaji aifikirie nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Unguja, yenye mlango mzito wa mbao mbili na mfaa katikati, mlango ambao ukishatiwa komeo kwa ndani hakuna mtu wa barabarani awezaye kuufunga wala kuufungua, maana komeo halina upande wa nje. Barabarani umati wa sodiamu umesongamana ukingoja mbao zifunguliwe. Katika umati huo wamo wageni wachache, nao ndio chembe za dawa, na kila mgeni analo joho pana, yaani chembe moja ya hidrojeni yenye chaji, ambalo mara hulivaa na mara hulivua. Akiwa na joho lake hawezi kupenya popote, kwa sababu ukuta wa nyumba hii ni wa mafuta, na mafuta hayapitishi chochote chenye chaji. Akilivua, huwa mwembamba hata akapita katika nyufa za ukuta pasipo mtu kumwona. Katika hali ya kawaida ya mwili, ambapo kipimo cha uasidi ni pH 7.4, kati ya wageni wanne wa lidokaini mmoja hivi huwa amevua joho kwa wakati wowote ule, na huyo mmoja huingia. Na maadamu wale watatu waliobaki wanavaa na kuvua bila ya kukoma, mara mwingine hulivua lake na kumfuata, na mwingine tena, hata nyumba ikajaa wageni.

Aingiapo ndani, mgeni hukuta majoho yapo huko pia, naye hulivaa. Sasa amekuwa mpana tena na ana chaji tena, na kwa hali hiyo, si kwa ile aliyoingia nayo, huenda nyuma ya mlango, akakaa mahali pa komeo, na mlango ukafungika. Tazameni hekima ya jambo hili: asiyevua joho haingii, na asiyelivaa tena halishiki komeo sawasawa. Dawa yenye sura moja tu isingetosha. Ni ile yenye sura mbili, iwezayo kubadilika njiani, ndiyo hufanya kazi.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1970 Toshio Narahashi na wenzake nchini Marekani walichukua uzi mnene wa fahamu wa ngisi, uzi ambao kwa unene wake mtu aweza kutia dawa ndani yake kwa mkono wake, wakajaribu dawa iliyotokana na lidokaini, iitwayo QX-314, ambayo chaji yake haiondoki kamwe. Ni mgeni aliyeshonewa joho mwilini. Walipoitia nje ya uzi haikufanya kitu, na walipoitia ndani vilango vikafungwa. Hapo ikabainika kwamba komeo liko ndani. Na miaka michache baadaye Gary Strichartz akaonyesha jambo la pili lililo zuri kama la kwanza: kwamba mlango ukifunguliwa mara kwa mara hufungwa na dawa upesi zaidi, kwa kuwa mbao zinapoachana ndipo mahali pa komeo hufunuka na mgeni akapata njia ya kupafikia. Maana yake ni kwamba uzi unaopiga kelele nyingi za maumivu ndio unaonyamazishwa kwa wepesi zaidi, na uzi uliotulia huachwa kwa kiasi fulani na utulivu wake.

Kwa mfano huo huo hufahamika mambo ambayo wagonjwa huyalalamikia bila ya kupewa maelezo. Kwa nini jino lenye usaha hukataa ganzi? Kwa sababu mahali penye uvimbe na usaha pana asidi nyingi, na asidi si kitu ila wingi wa hidrojeni, yaani majoho yanagawiwa bure barabarani. pH ikishuka hadi 6, pengine wageni wawili tu katika mia ndio waliovua, na wawili hawatoshi. Hapo daktari mwenye busara huchoma mbali na usaha, juu zaidi ya mshipa, au hutibu kwanza uvimbe. Na kwa nini daktari hachomi tone moja tu na kuridhika? Kwa sababu nyuzi nyingi zimevikwa ala ya mafuta inayoachia nafasi tupu kila baada ya umbali fulani, na ni katika nafasi hizo tu ndimo vilango vilimo. Habari huruka kutoka nafasi hadi nafasi, na ina nguvu ya kuruka hata nafasi moja au mbili zilizofungwa ikatua kwenye ya tatu. Basi lazima zifungwe nafasi zisizopungua tatu mfululizo, na kwa hiyo dawa lazima iulowanishe mshipa kwa urefu wa sentimita moja hivi. Kichupa kimoja cha sindano ya meno kina mililita 1.8.

Na hapa ndipo tunapolifikia tena swali la Tanga. Komeo hili halikupigiliwa misumari. Kila chembe ya dawa hushika mahali pake kwa muda mchache mno, huachia, na nyingine hushika. Mlango hubaki umefungwa kwa sababu tu wageni ni wengi na zamu haikatiki. Damu inapopita karibu huwachukua wale walioko barabarani. Wale wa ndani, wakiona nje kumepungua, huvua majoho yao na kutoka kwa nyufa zile zile walizoingilia. Na mlango hubaki kama ulivyokuwa, mbao zake, bawaba zake na mfaa wake, pasi na kovu. Muda wa kuondoka hutegemea damu, na ndiyo sababu daktari huchanganya na dawa kiasi kidogo sana cha adrenalini, gramu moja kwa mililita 100,000 au 80,000, ili mishipa midogo ya damu ijikunyate na wageni wasichukuliwe upesi. Kwa mchanganyiko huo wa lidokaini asilimia 2, jino lenyewe hukaa na ganzi kwa muda wa saa moja hivi, na mdomo na ulimi kwa saa tatu hadi tano. Mdomo huchelewa kuzinduka kwa kuwa nyuzi zake zimekaa katikati ya mshipa, ambako dawa hufika mwisho na huondoka mwisho, na nyuzi za magego zimekaa pembeni. Dawa iliyokwisha chukuliwa na damu huvunjwavunjwa na ini, na kila saa moja u nusu au mbili zipitapo nusu yake imekwisha. Kichupa kizima kina miligramu 36 tu. Mtu akitaka na apige hesabu mwenyewe: ukiigawanya nusu kila saa mbili, ikifika kesho yake wakati kama ule haibaki hata sehemu moja ya elfu, na hiyo imetawanyika katika mwili mzima.

Kwa hiyo ganzi ipitayo siku moja haina dawa ya kuilaumu. Imebaki kuutazama mshipa.

Mshipa wa fahamu wa ulimi hushuka kwa upande wa ndani wa taya, karibu sana na ule wa taya la chini, na mgonjwa anapoamriwa kupanua kinywa hunyooshwa ukakazika, hata usiweze kuikwepa sindano kama mshipa uliolegea uwezavyo. Sindano yenyewe ina unene wa sehemu nne za kumi za milimita, na mshipa una unene wa milimita mbili au tatu, kwa hiyo sindano haiwezi kuukata mshipa mzima hata ikiupitia katikati. Lakini yaweza kuchana baadhi ya nyuzi, na hasa ikiwa ncha yake imegonga mfupa ikajikunja kidogo, maana wakati wa kutolewa ile ncha iliyokunjika hukwaruza. Yaweza pia kutoboa kijishipa cha damu kilichomo ndani ya mshipa wa fahamu, na damu ikavia humo ndani, ikasonga nyuzi mahali pasipo na nafasi ya kupanuka. Na yaweza kuiachia dawa yote katikati ya nyuzi badala ya kando yake, na dawa ambayo kwa nje ni salama, ikiwa nyingi na nzito ndani ya fungu la nyuzi, huzidhuru. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 na Anthony Pogrel na wenzake wa San Francisco ulionyesha kwamba mahali pale pa kuchomwa, theluthi ya mishipa ya ulimi waliyoitazama ilikuwa na fungu moja tu la nyuzi, ambapo mshipa wa taya aghalabu una mafungu kadhaa. Na aliye na fungu moja, likidhurika hilo, hana jingine la kumhifadhia. Hiyo ni sababu kubwa ya ulimi kupatikana na masaibu haya mara nyingi kuliko mdomo. Nguvu ya dawa nayo imo: mwaka 1995 Daniel Haas na Diane Lennon walipozichungua taarifa za miaka 21 za madaktari wa meno wa jimbo la Ontario, Kanada, waliona kwamba artikaini na prilokaini, zitumiwazo kwa asilimia 4, zimetajwa zaidi ya kiasi kilichotarajiwa kwa matumizi yake, na tangu siku hizo madaktari wengi huchagua lidokaini kwa sindano ya nyuma ya taya.

Ama mshtuko ule uliopita hadi ncha ya ulimi, huo ni dalili kwamba sindano iliugusa mshipa, na wagonjwa wengi huupata wasipatwe na lolote baadaye. Tukio lenyewe la ganzi kubaki ni adimu. Makadirio ya watafiti hutofautiana, kutoka sindano moja katika 26,000 hivi hadi moja katika 160,000.

Na mshipa ukishadhurika hupona vipi? Mwaka 1850 daktari wa Kiingereza Augustus Waller alikata mishipa ya fahamu ya ulimi wa chura, kisha akautazama ulimi ule kwa hadubini siku baada ya siku, akaona kwamba sehemu ya uzi iliyotengwa na shina lake hufa yote hadi mwisho wake, ikamegeka vipande na kusafishwa, na sehemu iliyobaki na shina hudumu. Hilo ndilo lililofungua mlango wa elimu hii. Karibu miaka mia baadaye, katika vita vikuu vya pili, Herbert Seddon wa Oxford, aliyewatibu askari wengi waliojeruhiwa mishipa, alizigawa jeraha hizi katika daraja tatu, na mgawanyo wake wa mwaka 1943 ungali unatumika. Katika daraja ya kwanza nyuzi hazikukatika, ila zimesongwa au zimepoteza ala yake kwa umbali mfupi, na habari haziwezi kuruka mahali hapo; ala hujengwa upya na hisia hurudi yote kwa muda wa siku au majuma. Katika daraja ya pili nyuzi zimekatika ndani, lakini mfuko unaozihifadhi ni mzima. Hapo sehemu ya mbele hufa kama Waller alivyoona, na uzi mpya huanza kuchipua kutoka kwenye shina, ukifuata mfuko ule ule wa zamani kama njia iliyokwisha kuchorwa, kwa mwendo wa milimita moja hivi kwa siku. Katika daraja ya tatu mshipa wote umekatika, na huko sindano peke yake ni nadra sana kufika.

Milimita moja kwa siku si nyingi. Tukikadiria kwamba kutoka mahali pa kuchomwa hadi ncha ya ulimi pana sentimita tisa, basi uzi uliokatika ndani utahitaji siku 90, yaani karibu miezi mitatu, kuifikia ncha. Na sehemu za nyuma za ulimi zitazinduka kabla ya za mbele, kwa utaratibu, kila siku hatua moja. Dalili ya kwanza aghalabu si hisia kamili bali ni mnyeo, vichomo vidogo vidogo, au msisimko wa ajabu ulimi uguswapo, na wagonjwa wengi hutishika wakadhani hali imezidi kuharibika, hali yakini ni kwamba nyuzi changa zimeanza kusema kabla ya kujifunza kusema vizuri. Ladha nayo hupotea na kurudi pamoja na hisia, kwa sababu nyuzi zinazobeba ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi, theluthi mbili zake, husafiri ndani ya ala moja na mshipa huu. Kwa wale waliopatwa na ganzi kwa sababu ya sindano tu, si kwa kung'olewa jino wala kupasuliwa, zaidi ya wanane katika kumi hupona wenyewe ndani ya majuma manane. Wachache huchukua miezi, na wachache zaidi hubaki na kasoro.

Ya kufanya ni haya. Msomaji wetu na arudi kwa daktari yule yule, asione haya wala asiende kwa hasira, amweleze siku aliyochomwa na mshtuko aliouhisi. Na daktari naye, kama ajuavyo kazi yake, atamgusa ulimi kwa pamba na kwa ncha ya sindano huku macho yamefumbwa, apate kuuchora katika karatasi mpaka wa ganzi, aweke tarehe, na arudie uchunguzi huo kila baada ya majuma machache. Mpaka ukirudi nyuma, hata kidogo, mshipa unapona na hapana la kufanya ila kungoja. Usiposogea kabisa hadi mwezi wa tatu, au maumivu ya kuunguza yakiingia mahali pa ganzi, apelekwe kwa mpasuaji wa kinywa na taya. Katika muda wa kungoja ale taratibu, atafune upande ulio mzima, na vitu vya moto avipime kwanza kwa mdomo unaohisi. Wazazi nao, hata kwa ganzi ya kawaida ya saa chache, wamwangalie mtoto aliyetoka kwa daktari, maana watoto huutafuna mdomo uliokufa ganzi kwa kuuchezea hata ukavimba na kutoka kidonda. Na ganzi ya mdomo wa chini au kidevu iliyokuja yenyewe, pasipo sindano wala pigo, hiyo haingojwi hata siku moja; iende hospitali ikatazamwe.

Limebaki jambo moja ambalo siwezi kulinyamazia, kwa sababu ndilo linalonipa matumaini makubwa katika elimu hii. Mwaka 2007 Alexander Binshtok, Bruce Bean na Clifford Woolf, wa Boston, waliichukua tena ile QX-314, mgeni aliyeshonewa joho, asiyeweza kupita ukutani, wakaichanganya na ule ukali unaopatikana katika pilipili. Nyuzi zinazobeba maumivu zina mlango mwingine, mkubwa, wa uani, ambao hufunguliwa na joto na pilipili, na nyuzi za kugusa na za kuendesha misuli hazinao. Pilipili ikaufungua mlango wa uani; mgeni akapita na joho lake, maana mlango ule ni mpana; akakaa nyuma ya mlango wa mbele, ule wa sodiamu, na kutia komeo; na panya waliochomwa mchanganyiko huo wakaacha kuhisi maumivu na wakaendelea kutembea na kuhisi kuguswa kama kawaida. Siku ambayo ufundi huu utafikishwa salama kwenye taya la binadamu, mgonjwa atazibwa jino bila ya kuumwa, na mdomo na ulimi wake vikiwa macho muda wote.

Mpaka siku hiyo ifike, daktari wa meno amwambie mgonjwa kabla ya kumchoma kwamba mshtuko waweza kutokea na aseme utakapotokea, ili sindano irudishwe nyuma kidogo kabla dawa haijasukumwa. Na mgonjwa ambaye ulimi wake umechelewa asitafute dawa ya kuitoa dawa, kwa kuwa hakuna iliyobaki ya kutolewa. Ajipe subira ya milimita moja kwa siku, na karatasi yenye tarehe mkononi mwake.